Upele hutibiwa nyumba nzima



Mtoto akijikuna usiku kucha, wazazi wengi huona haya. Humsugua kwa nguvu wakati wa kumwogesha, kisha humvika nguo ndefu ili majirani wasione. Haya hiyo ndiyo inayoupa upele makao nyumbani. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Upele huletwa na mdudu mdogo sana, wa ukoo mmoja na kupe na utitiri wa kuku. Urefu wake haufiki nusu ya milimeta. Mwaka 1687 Waitalia wawili, Bonomo na Cestoni, walimchungulia kwa hadubini, wakatangaza kwamba ndiye chanzo cha upele. Jike huchimba njia ndani ya ngozi, na kila siku hutaga mayai mawili au matatu. Hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, makwapa, kiuno na makalio. Mwasho huzidi usiku.

Mdudu huyu hupita kutoka ngozi hata ngozi, watu wanapogusana kwa muda mrefu: watoto wanaolala kitanda kimoja, mama na mtoto wake, mume na mke. Kwa hiyo hata nyumba iliyo safi yaweza kupatwa. Si fedheha.

Tena, shikeni sana neno hili. Anayepatwa mara ya kwanza aweza kukaa majuma manne hata sita bila kuwashwa, na huku anaambukiza wengine. Ukimtibu yule tu anayejikuna, upele utamrudia kutoka kwa ndugu yake aliyeonekana mzima. Ni kama kuziba tundu moja la panya katika ghala lenye matundu kumi.

Basi fanyeni hivi:

Kwanza: Nendeni kituo cha afya, mkataje hesabu ya watu wote wa nyumbani, umri wa kila mtoto, na kama mama ana mimba. Dawa ya kupaka ya mtu mzima, kama benzili benzoati, yaweza kuwa kali mno kwa mtoto mchanga.

Pili: Chagueni jioni moja. Wote waoge, wajifute, kisha wapakwe dawa toka shingoni hata nyayo, pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha. Kwa watoto wadogo, mwuguzi atasema kama kichwa nacho kipakwe. Anayenawa mikono apakwe tena mikononi.

Tatu: Kesho yake fueni nguo na mashuka kwa maji ya moto sana, mkayaanike juani. Kisichofulika kifungeni ndani ya mfuko kwa siku saba. Mdudu akitengwa na mwili wa mtu hufa, kwa kawaida kwa siku mbili au tatu.

Nne: Rudieni dawa siku mliyoambiwa. Mwasho waweza kuendelea majuma mawili au zaidi, ijapokuwa wadudu wamekufa. Msipake dawa kila siku kwa hofu, maana ikizidi huchoma ngozi.

Sabuni na maji peke yake havimwui mdudu huyu. Hata hivyo vina kazi kubwa. Kucha chafu zikikwaruza ngozi, vijidudu vingine huingia, vidonda hutoa usaha, na mara nyingine ugonjwa hufika hata kwenye mafigo. Kateni kucha za watoto, waoge kila siku, kila mtu awe na taulo yake. Ninyi wanafunzi mnaolala shuleni, msiazimane nguo wala blanketi.

Jihadharini pia na pomadi za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina kortizoni. Hiyo hutuliza mwasho siku chache na kuuficha upele, na wakati huo wadudu huongezeka.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mwambieni dada au shemeji ambaye mtoto wake alilala kwenu mwezi huu. Labda atanuna kidogo. Lakini msipomwambia, watoto watakapotembeleana tena upele utarudi kwenu, na kazi yote mtaianza upya.