Kujiweka Wakfu si Kuwakimbia Watu
Katika mji wetu wa Lubumbashi, ulioitwa zamani Élisabethville, alifariki gerezani tarehe 12 Oktoba 1951 Simon Kimbangu, mwalimu wa dini wa Kibatisti kutoka N'kamba, ambaye kwa miezi michache tu ya mwaka 1921 aliwausia watu waache hirizi na ndoa za wake wengi, akahukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji, kisha Mfalme Albert akaibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Takriban miaka 30 alikaa kifungoni, mbali na mkewe na wanawe, ilhali imani iliyodhaniwa itazimika ilienea pamoja na wafuasi wake waliohamishiwa mikoa ya mbali. Basi muumini adhaniye kwamba kutengwa kwa ajili ya Mungu ni kuvaa nguo nyeupe Jumapili na kuwadharau jirani zake, na ayatafakari maisha hayo: aliyejiweka wakfu hujitenga na maasi, wala hajitengi na wanadamu. Sokoni na kazini, mizani yake na iwe ya haki, kauli yake ya kweli, na mkono wake usipokee rushwa. Ibada isiyofika huko haijatimia.