MGONJWA WA AKILI NAYE ATAKA WAKILI



Katika mkutano wa tawi uliopita alisimama mama mmoja nyuma ya ukumbi, akaomba ruhusa ya kusema. Yeye si mwanachama. Mwanachama ni mwanawe, aliyekuwa kibarua wa shamba la mahindi upande wa Kitale, na kwao ni Sirisia. Mama akasema, "Ninyi mlipokea ada ya mwanangu miaka minne. Sasa yuko rumande, na kila nikienda kortini naambiwa barua ya daktari haijafika. Nani atasema kwa ajili yake?" Kisha akaketi. Mwenyekiti alinyamaza kitambo kabla ya kuita shauri lililofuata.

Habari zenyewe ni hizi. Kijana huyu alikuwa mfanya kazi mzuri, wa kupalilia na kuvuna, na wenziwe hawakuwa na neno juu yake. Mwaka jana, mahindi yalipofika magotini, usingizi ukamtoka. Akaanza kusema peke yake katikati ya mistari. Akakosa kazi siku sita, na siku ya saba alipofika alikuta jina lake limekwisha futwa, bila kuulizwa lolote. Akarudi kwao na nguo alizovaa. Usiku mmoja aling'oa ua wa jirani na kuvunja mlango wa duka, akisema ndani mna watu wanaomtilia sumu. Majirani wakamfunga kamba, wakampeleka kwa askari, na baadaye akafikishwa katika korti moja ya upande huu kwa shitaka la kuharibu mali. Alipoulizwa kama ni kweli au si kweli, alijibu habari za mvua.

Hakimu akaamuru apimwe akili. Hapo hatuna lawama, maana ndivyo isemavyo sheria. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chasema kwamba korti ikiwa na sababu ya kuamini kuwa mshitakiwa hana akili timamu, haina budi kuchunguza jambo hilo kwanza, na ikiona kwamba hawezi kujitetea, kesi husimama. Lakini kesi ikisimama, mtu hasimami nayo. Mtu yuko rumande. Mara gari la gereza halina mafuta, mara daktari hayupo, mara barua imeandikwa lakini haimo katika faili. Kesi hutajwa, huahirishwa, hutajwa tena. Sasa ni miezi saba. Shitaka lenyewe, hata lingethibitishwa, adhabu yake ya juu ni miaka 5, na jirani amekwisha kumwambia mama kwamba akitengenezewa mlango wake yuko tayari kusamehe. Ila jirani hajaulizwa kortini, kwa kuwa hakuna wa kumwuliza.

Wengine wenu mtasema, je, Katiba haikutoa wakili? Ilitoa, tena kwa maneno wazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yasema mshitakiwa atapewa wakili na Serikali kwa gharama ya Serikali, ikiwa bila wakili ataonewa sana. Kifungu hicho hicho chairuhusu korti imwache mtu mwingine amsaidie mshitakiwa kuelewana nayo. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikaunda Huduma ya Kitaifa ya kazi hiyo, na ikawakubali hata wasaidizi wa sheria wasio mawakili. Karatasi ni nzuri. Lakini siku nyingi desturi ya nchi hii ilikuwa kwamba maskini hupewa wakili wa Serikali akishitakiwa kwa mauaji tu. Mwenye kesi ndogo hujisemea mwenyewe. Sasa fikirini: mtu ambaye korti yenyewe imeandika kwamba hawezi kujisemea, ndiye huyo huyo aachwe ajisemee! Kama huko si kuonewa sana, basi hatujui maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya nani.

Na msidhani kwamba kesi ndogo yaweza kuishia padogo. Kifungu cha 166 cha sheria ile ile chasema kwamba mtu akionekana alitenda kosa, lakini wakati ule akili haikuwa yake, korti itaandika kwamba ana hatia ila ni mwenda wazimu, na atawekwa kizuizini kungoja amri ya Rais. Mkubwa wa gereza au hospitali alitakiwa kuandika taarifa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Mwizi ajua siku atakayotoka, huhesabu miezi ukutani. Huyu hakuhesabiwa siku hata moja. Mwaka 2018 huko Kisumu, Jaji Majanja, ambaye sasa ni marehemu, aliamua kwamba kumweka mtu kizuizini namna hiyo, bila mwisho na kwa hiari ya Rais, ni kinyume cha Katiba. Ng'ambo ya Lwakhakha, Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2015 ilikataa sheria zilizomweka mshitakiwa mgonjwa ndani akingoja amri ya Waziri. Na Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kumshitaki mtu kwa kujaribu kujiua, chini ya kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo mfanya kazi aliyezidiwa na dunia angeweza kutolewa kitandani hospitalini na kupelekwa seli.

Hukumu hizi zatufurahisha. Lakini hukumu haina miguu. Haiingii gerezani yenyewe kumtafuta mtu wa Sirisia. Yataka mtu wa kuichukua mkononi, na mtu huyo hayupo.

Kwa hiyo sisi twasema hivi: Serikali iweke kikosi cha mawakili wa umma kwa kesi za wagonjwa wa akili katika Bungoma na Trans Nzoia, kikiwa na mkubwa mmoja anayejulikana kwa jina na mlango wake unajulikana. Twasema mkubwa mmoja kwa sababu tumeona namna kazi hii inavyopotea. Wakili mmoja mmoja aliyepewa faili moja atakuja siku ya kutajwa, atasema maneno mawili, ataondoka. Kazi yenyewe iko kati ya siku hizo. Ni kumfuata daktari mpaka barua iandikwe, na kuifuata barua mpaka iingie katika faili. Ni kwenda gerezani kuona kama mtu anapata dawa. Ni kumtafuta jirani mwenye mlango, na kumwonyesha hakimu nyumba ambako mgonjwa aweza kukaa chini ya dhamana, kwa maana sheria yairuhusu korti kumwachilia akipata wa kumwangalia. Mkubwa wa kikosi ndiye wa kuwa na daftari la wote, nani yuko wapi, tangu lini, na kinachongojwa ni nini. Kila Jumatatu awaulize mawakili wake, "Huyu miezi minne, kwa nini?" Wanachama, ninyi mwajua. Tawi lisilo na katibu mwenye daftari, malalamiko yake hufia mfukoni mwa mtu.

Huko New York, Marekani, jambo hili lilianza miaka ya 1960. Liliwekwa shirika chini ya mahakama, mwanzoni kwa kuwaeleza wagonjwa waliofungiwa hospitalini haki zao, na siku hizi mawakili wake huwasimamia mbele ya jaji. Nao ni matajiri, twakubali. Lakini sisi hatuombi jumba la ghorofa. Mawakili watatu, wasaidizi wanne wanaosema Kibukusu na Kisabaoti, na pikipiki.

Sasa twaja kwenye jambo gumu, na katika halmashauri yetu lilileta ubishi mpaka giza likaingia. Mzee mmoja alisema, "Wakili atamtoa mwenda wazimu, aje kutuchomea nyumba." Mwingine akauliza, wakili atamsikiliza nani? Mgonjwa akisema sitaki dawa, nataka kwenda nyumbani, na mama yake akisema mfungieni apone, wakili aseme lipi?

Sisi twajibu kwa yale tunayoyajua kazini. Mjumbe wa chama akienda mbele ya meneja na mwanachama aliyelewa kazini, hasemi, "Bwana, mfukuzeni, ni mlevi." Wa kusema hivyo ni wengi na wana mishahara. Mjumbe husema lile ambalo mwanachama angelisema kama angeliweza, na hudai upande wa pili uthibitishe neno lake. Na usiku, wakiwa wawili nyuma ya stoo, ndipo humwambia mwanachama, "Ndugu yangu, pombe itakuua." Wakili wa mgonjwa naye ni hivyo. Kortini atasema mapenzi ya mgonjwa, kwa maana daktari yupo wa kusema habari za ugonjwa, mwendesha mashitaka yupo wa kusema habari za usalama, na jamaa wapo. Hakimu atapima. Upande mmoja ukiwa mtupu, mizani hiyo hupima nini? Pale ambapo mgonjwa hasemi kitu cha kueleweka kabisa, wakili ahakikishe tu kwamba hakuna hatua iliyorukwa. Hilo peke yake lingemtoa kijana wetu zamani. Na yule mzee aliyeogopa moto twamwambia kwamba mgonjwa anayepata dawa na kurudi kwao ni wa salama kuliko yule anayekaa mwaka rumande bila dawa, kisha akaachiliwa siku moja mlangoni bila hata nauli.

Tena sisi wa Bungoma, kuliko watu wengine, hatupaswi kulichukua neno "wazimu" kama linavyoletwa. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimchukua Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mpira hodari, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliyekataa amri zao waziwazi. Ikasema ana kichaa, ikamweka Mathari mpaka mwaka 1947. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1910, na wengi waliponea humo, hatuitukani. Lakini katika jambo la Masinde, waliosema kwamba ana wazimu ni wale wale aliowakataa. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake hapo Malakisi, wakafa 11, na yeye akapelekwa uhamishoni. Mtu aweza kumpenda Masinde au kutompenda. Baba zetu wenyewe hawakuwa kitu kimoja juu yake. Sisi twauliza tu, ilikuwaje mtu afungiwe miaka miwili kwa neno la mshitaki wake?

Wala ugonjwa huu si wa watu wengine. Vita vya Mlima Elgon vya mwaka 2006 mpaka 2008 vilipita Cheptais, watu wakashuka mpaka Sirisia na Chwele na watoto migongoni, wengine wameona yasiyosemeka kwa wapiganaji na kwa wanajeshi pia. Watoto hao leo ndio vibarua wa mashamba na viwanda. Mwaka 2020 kamati ya taifa chini ya Daktari Frank Njenga ilisema ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la nchi. Sheria ya mwaka 2022 imezipa kaunti wajibu wa matibabu haya. Nzuri, lakini daktari si wakili.

Sasa tuseme makosa yetu wenyewe. Kijana huyu alifutwa kazi bila kusikilizwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri kabla ya kumfukuza mtu kwa mwenendo, kwa kazi mbovu au kwa kutojiweza, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye awe na mfanya kazi mwenziwe au mjumbe wa chama karibu. Kifungu cha 30 chatoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Mjumbe wetu pale shambani alikuwapo. Alimwona akisema peke yake, akacheka pamoja na wengine. Ametuambia hivyo mwenyewe, na haikuwa rahisi kwake kusema. Kama siku ile angelimpeleka zahanati, karatasi moja ingeliokoa kazi, na huenda ingeliokoa mlango wa jirani.

Halmashauri imekubaliana kuiandikia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria juu ya kikosi hicho, na nakala ziende kwa wabunge wetu na kaunti zote mbili. Kila mjumbe amletee katibu wa tawi majina ya wanachama walio rumande au hospitalini kwa ugonjwa wa akili, pamoja na namba ya kesi na tarehe ya kutajwa. Majina hayatasomwa mkutanoni.

Kesi ya kijana wetu itatajwa tena mwezi huu. Katibu na yule mjumbe wa shambani watakwenda, na jirani amekubali kupanda gari pamoja nao ikiwa chama kitamlipia nauli, nasi tumekubali. Mama atawangoja nje ya korti saa mbili asubuhi.