Bei ya Mashine na Ujira wa Fundi

Baadhi ya dinosaria wa filamu ya Jurassic Park (1993) walichorwa kwa kompyuta za Silicon Graphics, kampuni ya California iliyokuwa ikiuza mashine na mfumo endeshi wake, IRIX, kwa pamoja. Mashine moja ya studio iliweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Wapo wanaoiita bei ile tamaa ya muuzaji. Mimi naiona ni hesabu ya uchache wa wateja. Utafiti wa chipu haupungui gharama eti kwa sababu wanunuzi ni haba, hivyo studio na maabara zilibeba peke yao mzigo ambao kwenye kompyuta za kawaida hugawanywa kwa mamilioni ya watu. Kufikia mwaka 1999, kampuni ya NVIDIA ilipotoa kadi ya GeForce 256, wapenzi wa gemu ndio waliokuwa wakilipia maendeleo ya kadi za michoro, na studio zikafaidika na maendeleo hayo.

Kwa upande wa programu, Linux, mfumo endeshi huria, ikaondoa ada ya leseni. Kwa filamu ya Titanic (1997), studio ya Digital Domain ilinunua kompyuta 160 zenye chipu za Alpha, na 105 kati ya hizo ikaziwekea Linux. Mwaka 2003 Pixar nayo ikaacha seva za Sun, ikahamia kwenye za Intel zenye Linux.

Wapinzani wa kuhamia Linux wana hoja nzito: bei ya kununulia si gharama yote. Aliyenunua Silicon Graphics alipata mfumo uliokamilika na mtu wa kumwita ukiharibika. Linux ya miaka ile ilikosa viendeshi vizuri vya kadi za michoro, na Maya, programu kubwa ya uhuishaji, iliifikia mwaka 2001 tu. Studio zilizowahi kuhama zilikuwa na wahandisi wa kuandika na kurekebisha programu zao. Nakubali, basi, kwamba asiye na fundi hana nafuu hiyo, na bajeti inayokata mashine na mishahara kwa mpigo inajidanganya. Lakini ujira wa fundi hununua ujuzi unaobaki studioni. Silicon Graphics ilipoomba ulinzi wa kufilisika, 2006 na tena 2009, wateja hawakuwa na uwezo wa kuiendeleza IRIX. Kampuni iliyomiliki Blender, programu nyingine ya uhuishaji, nayo ilifungwa mwaka 2002, ila watumiaji walichanga euro 100,000, programu ikaachiwa huria. Na mwaka 2025 Flow, filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ikashinda Oscar ya uhuishaji.