Vikundi vidogo vya panga za sponji visimezwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nami nitoe dukuduku langu juu ya mchezo mmoja tunaoucheza huku Marekani, ambao ndugu zangu wa nyumbani hunicheka kila ninapoutaja. Ni mchezo wa kupigana kwa panga, mikuki na ngao za sponji. Nawaandikia hasa vijana wetu walioko huku, maana nimewakuta baadhi yao uwanjani na najua gazeti hili bado wanalisoma.

Kwa asiyeujua, ufito huviringishwa sponji nene kisha hushonewa kitambaa. Ukipigwa mkono, umeupoteza, unauweka nyuma. Ukipigwa mguu, unapiga goti. Ukipigwa kifuani au tumboni umekufa, unatoka. Upanga haumpigi mtu kichwani. Na mwenye kusema kuwa amepigwa ni yule yule aliyepigwa, hivyo mwongo hujulikana upesi na hukosa wa kucheza naye. Mimi ni mtu wa Unguja. Siku ya kwanza nilipoona watu wametandikana vile halafu wakakaa kula pamoja, nilikumbuka Mwaka Kogwa wa Makunduchi na migomba yake.

Sasa nieleze linaloniudhi. Vyama vya mchezo huu ni kadhaa. Dagorhir kilianza mwaka 1977 huko Maryland, karibu na Washington. Amtgard kikazaliwa El Paso, Texas, mwaka 1983. Mwaka 2001 kikatokea Belegarth, kwa kujitenga na Dagorhir, ingawa sheria za hivyo viwili zinafanana mno: kwa wote upanga wa mkono mmoja una alama ya buluu, na ule wa mikono miwili, wenye kuvunja ngao, alama nyekundu. Lakini wapo viongozi wa vikundi ambao hadi leo huulizana chama kwanza kabla ya kusalimiana.

Kikundi chetu kilikuwa na watu 18, wengi wanafunzi. Walipomaliza chuo wakatawanyika, tukabaki 6. Mwendo wa saa mbili kwa gari kipo kikundi kikubwa cha chama kingine. Tuliwaomba waje kwetu Jumapili moja tu kwa mwezi. Wakajibu: njooni nyinyi, huku ndiko kwenye watu. Tukaenda. Baada ya miezi mitatu wenzetu wawili wakahamia huko moja kwa moja, tukabaki 4. Ndugu Mhariri, watu 4 hawawezi kujifunza kupigana kwa safu. Ni ngao mbili kwa mbili basi, na mgeni akifika akaona hivyo, wiki ya pili humwoni.

Nilipolalamika niliambiwa kwamba huo ndio ushirikiano, na mchezo unakua. Sikubaliani hata kidogo. Aliyekua ni mmoja, na mji wetu umebaki bila kitu. Kijana wa hapa asiye na gari atafika vipi huko kila Jumapili?

Waliotuokoa walikuwa wadogo kama sisi. Kikundi cha mji mwingine, cha watu 7, kilifika siku moja bila kuombwa mara mbili, na mfuko wa panga za kuazimisha. Jambo la kuazimisha si dogo, kwa kuwa mgeni huja mikono mitupu, na ngao haitengenezwi kwa siku moja. Tangu hapo tunapokezana: Jumapili hii kwao, ile kwetu. Leo sisi wenyewe tuko 11.

Yafaa pia wakaguzi wa silaha wa vikundi jirani wakae pamoja. Upanga unapita kwetu, ukifika kwa jirani baada ya safari ya saa nne unakataliwa. Sisemi ukaguzi ulegezwe, hasha! Sponji iliyochoka huuachia ufito utokeze, na hapo mtu atapoteza jicho la kweli. Nasema wakubaliane kabla watu hawajachoma petroli yao.

Najua watanitajia Ragnarok, ile kambi ya Dagorhir ya kila mwezi Juni huko Pennsylvania, inayokusanya watu zaidi ya 1,000 kwa wiki nzima. Ni kambi nzuri. Lakini watu wale 1,000 kila mmoja alifundishwa kushika ngao na kikundi fulani cha mji fulani, pengine kwenye uwanja nyuma ya shule, na watu sita.

Kwa hiyo narudia ombi langu kwa wale jirani zetu wakubwa. Waje Jumapili moja. Ngao za kuazima sasa tunazo nne, na chakula tutapika.

Msomaji wako wa Unguja,
Ohio, Marekani