Barua ya shule hufika, pesa zikachelewa

Nakumbuka vyema Januari iliyofuata mtihani wangu wa KCPE, miaka ya 1980 ikielekea ukingoni. Kila asubuhi marehemu baba alipanda baiskeli kwenda shule yetu ya msingi, kumwuliza mwalimu mkuu iwapo barua yangu ya kujiunga na Kidato cha Kwanza ilikuwa imewasili. Mwalimu mkuu naye alikuwa akiingoja posta ya Mwingi. Barua ilipofika hatimaye, shule niliyoitwa ilikuwa imekwisha kufunguliwa siku tisa, na kitanda changu kilikuwa kimepewa mwingine.

Niliyakumbuka hayo Desemba 2025, nilipokuwa nyumbani na ndugu yangu mdogo na familia yake. Bintiye alikuwa miongoni mwa watoto zaidi ya milioni moja waliofanya mtihani wa kwanza wa KJSEA. Safari hii hapakuwa na baiskeli. Palikuwa na simu moja yenye intaneti, nayo ilikuwa yangu. Kila ilipolia, binti alijitokeza mlangoni: "Baba mkubwa, imefika?" Mara nyingi zilikuwa salamu za Krismasi.

Hapana shaka mengi yamebadilika. KCPE, iliyoanza mwaka 1985, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Chini ya mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, mtoto huchagua shule na pia mkondo wa masomo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Uteuzi waliokuwa wakiufanya walimu wakuu, wakikaa ukumbini na marundo ya fomu, sasa hufanywa na kompyuta. Wala kompyuta haikuwa malaika. Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao walipangiwa mikondo ambayo hawakuichagua, na Wizara ya Elimu ikalazimika kutoa siku chache za kukata rufaa.

Hata hivyo, kile tunachokingojea kimebaki kilekile, nafasi chache katika shule chache zenye maabara, maktaba na walimu wa kutosha. Hadi mwaka 2011 shule za kitaifa zilikuwa 18 tu. Baadaye zikaongezwa hadi zikapita 100. Lakini kuipandisha shule cheo si kuijengea maabara, na wazazi walilijua hilo, wakaendelea kuzililia Alliance, Mang'u na Kenya High. Sasa majina ya kitaifa na kaunti yameondolewa, shule zikapangwa katika makundi ya C1 hadi C4. Nathubutu kusema kwamba mzazi alikwisha kujua maana ya C1 kabla hajauona waraka wowote.

Kwetu ujumbe ulifika Krismasi ikikaribia. Ilikuwa shule ya bweni ya kundi C1, na mkondo alioutaka. Mama yake alipiga vigelegele. Ndugu yangu alinyamaza, na nikajua anahesabu mbuzi.

Kiwango cha karo kilichowekwa na serikali kwa shule zilizokuwa za kitaifa ni Sh53,554 kwa mwaka, na nusu yake hutakiwa muhula wa kwanza. Juu yake kuna sare, godoro, sanduku la chuma, ndoo na nauli. Gredi ya 10 ilitakiwa kuripoti Januari 12. Mzazi alikuwa na wiki tatu hivi, na ndani yake mna Krismasi na Mwaka Mpya, siku ambazo afisi za umma zimefungwa na aliyezoea kukukopesha hapatikani. Mnunuzi anayemwona mtu sokoni na mbuzi watano mapema Januari hana haja ya kumwuliza sababu ya kuuza. Bei huitaja yeye.

Hapa ndipo penye kasoro ninayotaka wakubwa waitazame. Mwombaji wa basari hutakiwa aambatanishe barua ya kujiunga na shule. Hawezi basi kuomba kabla barua haijafika, na barua hufika afisi zikiwa zinafungwa. Kamati hukutana watoto wakiwa wamekwisha kukaa darasani, au wamekwisha kurudishwa nyumbani. Tangu mwaka 2018 tumekuwa tukiimbiwa kwamba kila mtoto lazima avuke kwenda shule ya upili, na machifu wamekuwa wakitumwa nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliobaki. Chifu aweza kumfikisha mtoto langoni. Karo hana.

Watakuwepo wa kuniambia kwamba zipo shule za kutwa, ambazo serikali imeahidi kumlipia kila mwanafunzi Sh22,244 kwa mwaka. Sizidharau, watoto wengi watasomea huko, na huenda ndiko zinakostahili kupelekwa maabara kwanza. Lakini walimu wakuu wamechoka kulalamika kwamba pesa hizo hazifiki zote wala kwa wakati. Na kwa nini mtoto wa maskini aliyefaulu ndiye aambiwe aridhike na ya karibu, ilhali wa tajiri haambiwi?

Watoto wenye shida hujulikana. Mwalimu wa darasa anawajua, chifu anawajua, hata mwenye duka la kijiji anawajua. Ni nini kinachozuia kamati za basari kukutana Oktoba na kuidhinisha msaada kwa jina la mtoto, ili pesa zimfuate kwenye shule yoyote atakayopangiwa? Kundi la pili la KJSEA linafanya mtihani wake mwishoni mwa mwaka huu wa 2026. Kubadilisha utaratibu wa fomu hakuhitaji miaka.

Ndugu yangu aliuza mbuzi watano. Binti aliripoti wiki moja baada ya wenzake, akiwa na sanduku lakini hana godoro. Fomu ya basari waliyoipeleka mwanzoni mwa Januari haijajibiwa hadi ninapoandika haya.