Wageni wa magari-nyumba: Biashara ya majira ya baridi inayoamuliwa na bei ya joto

KUANZIA Desemba hadi Februari, mkulima wa zabibu katika bonde la mto Mosel nchini Ujerumani huwa na pengo la mapato. Mavuno yamekwisha, mvinyo uko kwenye mapipa na kazi kubwa iliyobaki shambani ni kupogoa. Uwanja uliokuwa umejaa matrekta na matela mwezi Oktoba unabaki wazi. Ni katika uwanja huo ambapo wakulima wengi wa Ulaya wamepata kipato cha pembeni, kwa kupokea wasafiri wenye magari-nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji humo humo ndani.

Soko la wageni hao si dogo. Mauzo ya magari-nyumba yalipanda sana baada ya janga la Corona la mwaka 2020, watu walipotaka kusafiri bila kulala hotelini. Mwanzoni mwa mwaka 2024, Ujerumani peke yake ilikuwa na magari-nyumba zaidi ya 850,000 yaliyosajiliwa. Wenye magari hayo, wengi wao wastaafu, hawakubali tena kuyafungia bandani miezi mitano kwa sababu ya baridi. Baadhi hukimbilia Hispania, Ureno na Morocco kwenye jua. Wengine huelekea milima ya Alps kwenye theluji.

Hata hivyo, mgeni wa majira ya baridi si sawa na mgeni wa kiangazi. Wa kiangazi anahitaji kivuli na maji. Wa baridi anahitaji joto saa 24, na joto lina bei. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 na bei ya nishati kupaa barani Ulaya, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama mwenyeji anapata faida au anamgharimia mgeni wake bila kujua.

Joto la siku moja ni kiasi gani

Chukua mfano wa gari-nyumba la ukubwa wa kati, nje kukiwa na baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Tuseme linahitaji wastani wa kilowati 2 za joto usiku na mchana. Kwa saa 24 hizo ni uniti 48 za nishati.

Kilo moja ya gesi ya propeni hutoa karibu uniti 12.8. Kwa hiyo gari hilo litachoma kilo 3.75 kwa siku, na mtungi wa kilo 11, ambao ndio wa kawaida Ujerumani, hautamaliza siku tatu. Lita moja ya dizeli ina uniti 10 hivi, hivyo hita inayotumia dizeli ya tangi la gari itakula lita tano au zaidi kidogo kwa siku. Kwa umeme, uniti ni zile zile 48. Bei ya umeme wa majumbani Ujerumani ilikuwa senti 40 za euro hivi kwa uniti mwaka 2024. Hiyo ni zaidi ya euro 19 kwa siku moja.

Hapo ndipo mwenyeji asiye makini anapoumia. Tuseme anatoza euro 15 kwa kuegesha na euro 4 za umeme bila kupima. Mgeni akichomeka hita ya umeme na kuiacha iwake usiku na mchana, euro zote 19 zinaishia kwenye bili. Maji, takataka na jasho la kusukuma theluji asubuhi vimetolewa bure.

Wenyeji wenye uzoefu wanatumia njia mbili kujikinga. Ya kwanza ni kufunga mita kwenye kila nguzo ya umeme ili mgeni alipe kwa uniti. Ya pili ni kupunguza nguvu ya fyuzi. Fyuzi ya ampea 16 inaruhusu karibu kilowati 3.7, lakini ya ampea 6 haivuki kilowati 1.4. Kwa fyuzi ndogo mgeni atachaji betri na kuwasha taa, lakini joto kubwa atalazimika kulitoa kwenye gesi au dizeli yake mwenyewe.

Ufaransa wana njia ya tatu. Mpango wa France Passion, ulioanza mwaka 1993, unaunganisha wakulima na wasindikaji zaidi ya 2,000 wanaowaruhusu wenye magari-nyumba kulala kwenye mashamba yao bila malipo kwa saa 24. Mgeni halazimiki kununua kitu, lakini anapaswa kujitegemea kwa maji, choo na nishati. Mkulima hauzi joto kabisa. Anauza mvinyo, jibini, asali na nyama, mlangoni kwake, bila dalali. Kiuchumi, amebaki na bidhaa anayoijua gharama yake na kumwachia mgeni ile asiyoweza kuidhibiti.

Kuziba kabla ya kuchoma

Kwa upande wa msafiri, kosa la kawaida ni kufikiria ukubwa wa hita kabla ya kufikiria joto linatorokea wapi. Katika gari-nyumba, joto hutoroka zaidi kwenye kioo cha mbele na milango ya dereva, kwa sababu sehemu hiyo ni ya gari la kawaida, yenye bati na kioo kimoja tu. Pazia nene la kutenganisha sehemu ya dereva, pamoja na turubai maalumu linalofunika kioo kwa nje, hupunguza matumizi ya nishati kila usiku unaofuata. Kufunika kwa nje ni bora kuliko kwa ndani, maana kioo kinabaki na joto kidogo na unyevu haugandi juu yake.

Kiwango cha Ulaya kijulikanacho kama EN 1646 kinayagawa magari haya kwa madaraja. Daraja la tatu, ambalo ndilo la juu, ni la gari linaloweza kutoka baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 20 ndani kwa muda usiozidi saa nne, na mfumo wake wa maji ukafanya kazi. Gari la daraja la pili hupimwa kuanzia nyuzi sifuri tu. Anayenunua gari lililotumika kwa ajili ya safari za baridi, bila kuuliza daraja, anaweza kuokoa fedha siku ya kununua na kuzilipa zote kwa muuza gesi.

Matangi ya maji nayo yana uchumi wake. Katika magari yaliyotengenezwa kwa baridi, matangi na mabomba hupita ndani ya sakafu mbili zenye joto katikati. Kwenye magari mengine tangi la maji machafu huning'inia nje na kuganda usiku wa kwanza. Baadhi ya mifumo ya maji ya moto ina vali inayofunguka yenyewe joto linaposhuka hadi karibu nyuzi tatu na kuyamwaga maji, ili boila lisipasuke. Mgeni hupoteza maji, lakini hanunui boila jipya.

Mtungi wenye gesi, moto hakuna

Jambo linalowashangaza wasafiri wengi ni mtungi unaokataa kutoa gesi wakati bado ni mzito. Gesi ya mitungi ni kimiminika ndani ya mtungi, na lazima igeuke mvuke ndipo iwake. Propeni huendelea kugeuka mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Buteni huacha karibu na sifuri kabisa. Ndiyo maana msafiri aliyebadilisha mtungi kusini mwa Hispania, ambako mtungi wa nyumbani wa rangi ya chungwa wa kilo 12.5 ni wa buteni, anaweza kupika vizuri pwani na kulala na baridi akipanda milima ya Sierra Nevada.

Kwa mfanyabiashara, hii ni fursa. Mwenyeji mwenye akiba ya mitungi ya propeni siku ya Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa, ana bidhaa ambayo mgeni hataomba ipunguzwe bei.

Suala la hewa halina mjadala. Kilo moja ya propeni ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Anayewasha jiko la kupikia ili apate joto anaujaza unyevu ukuta wa gari lake, na ukungu utafuata. Hatari kubwa zaidi ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Hita halali ya gari-nyumba huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje. Matundu ya hewa hayazibwi hata kama upepo unauma, na theluji inayofunika bomba la moshi huondolewa kabla ya kulala.

Nyanda za juu zinajifunza nini

Biashara hii si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Kusini mwa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, shamba la Kisolanza limekuwa kwa miaka mingi kituo cha wasafiri wanaovuka Afrika kwa magari yao, likitoa mahali pa kulala na kuwauzia mazao ya shamba. Kipupwe cha Juni na Julai katika nyanda hizo si baridi ya Alps, lakini kinamfanya mgeni aulize maji ya moto na umeme.

Mkulima wa Iringa, Njombe au Limuru anayefikiria kutenga eneo la wageni wa aina hiyo ana faida ya kuanza akiwa na somo mkononi. Bei ya kuegesha itenganishwe na bei ya umeme, na umeme upimwe kwa mita ndogo. Kuni za moto wa nje ziuzwe kwa fungu. Mboga, maziwa, mayai na asali viwe karibu na lango, kwa kuwa ndipo faida ilipo. Aidha, mgeni aambiwe mapema kwamba gesi ya mitungi inayouzwa nchini ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Kule Makete na Kitulo, ambako umande huganda baadhi ya asubuhi, propeni hutangulia kuisha na moto hufifia kabla mtungi haujawa mtupu. Mtungi uwekwe mahali pasipo upepo na usipashwe moto kamwe.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu hata mkulima asiye na mgeni. Banda la vifaranga wakati wa kipupwe hupoteza joto kwenye nyufa na paa kama gari-nyumba linavyolipoteza kwenye kioo, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua mtu kama hita mbovu inavyoua kwenye theluji. Gunia la mkaa huisha kwa wiki, wakati pazia, dari na ukuta uliozibwa vizuri hutumika misimu kadhaa. Mwenye mtaji mdogo na aanzie hapo kabla hajanunua mkaa au mtungi wa pili.