Msitupandishe kwenye gari lenye ponti ya kuchomelewa

Ndugu wasikilizaji wa Lweba, Mboko na Baraka, na ninyi familia za wahami mliopokelewa katika nyumba za watu hapa kando ya ziwa, leo sina habari ya mkutano wala ya ziara ya wakubwa. Nina neno na wenye kamyoneti.

Kila kipindi cha mvua nasikia shofere akijisifu: “Mimi nimechomelea ponti, tope haliniwezi tena.” Na watu wanamsifu. Mnamsifu kwa lipi?

Ndani ya ponti ya nyuma kuna diferansieli, ile yenye meno madogo yanayoacha tairi la kushoto na la kulia yazunguke kwa mwendo tofauti. Gari likikata kona, tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Ubaya wake tunaujua wote: tairi moja likiingia kwenye tope linazunguka bure, na lile lililo pakavu linasimama tu kama mgeni. Ndipo fundi anapochukua mashine ya suduri na kuyafanya yale meno chuma kimoja. Kweli, gari linatoka topeni. Lakini udongo ukikauka, tairi moja linaburuzwa kila kona, pua ya gari inataka kwenda mbele moja kwa moja hata ukizungusha usukani, na ekseli inasokotwa mpaka siku inakatika. Siku hiyo nani yuko juu ya mzigo? Ni mama aliyekimbia vita na magodoro yake mawili, si mwenye gari.

Nimeyaona. Mwaka jana nilipanda gari la namna hiyo toka Baraka kwenda Fizi. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, njia kavu. Kwenye kona ya mlimani shofere alizungusha usukani, gari likaendelea mbele hadi mtaroni. Hatukufa. Magunia ya unga yalimwagika, mtoto mmoja akavunjika mkono, tukatembea kwa miguu hadi usiku. Shofere alisema ni shetani. Shetani gani huyo anayejua kushika baketi ya suduri?

Wananijibu kwamba diferansieli ya otoblokanti ni ya magari ya mashirika. Si kweli. Mimi ni mtu wa sekondari na kozi ya uandishi wa habari, na pamoja na kaka yangu tuliiweka wenyewe kwenye Hilux ya zamani ya mjomba, chini ya muembe, siku tatu. Unamwaga mafuta ya ponti, unatoa matairi na ngoma za breki, unavuta ekseli mbili, unafungua shafti, kisha buloni zinazoshika kichwa cha ponti. Kichwa hicho ni kizito, msikitoe mtu mmoja. Vifuniko vya beringi vitieni alama, cha kushoto kisiende kulia. Otoblokanti inaingia mahali pa kasha la zamani, gurudumu kubwa la meno linahamia kwake, kwa hiyo hesabu ya meno haibadiliki. Anayenunua kichwa kizima cha mtumba ahakikishe hesabu inalingana na ponti ya mbele, la sivyo akitia kwatrokwatro atavunja kitu.

Kazi yenyewe iko kwenye kupima. Mchezo kati ya meno, kwa Hilux yetu, ulitakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Jicho halioni kitu kidogo hivyo. Tuliazima kipimo cha mshale Uvira, na siku nzima ya pili ilipita tukirudia. Kaka alitaka kutupa nyundo ziwani. Mwishoni ni mafuta maalum ya otoblokanti, na kutoa hewa kwenye breki, kwani tulikuwa tumefungua mabomba yake.

Sidanganyi kwamba inafanya muujiza. Sahani zake zinabana ili tairi moja lisikimbie peke yake, lakini tairi likining’inia hewani kabisa nguvu inapungua. Hapo mjomba anavuta breki ya mkono kidogo na gari linaondoka. Na usinyanyue tairi moja la nyuma kwa kiriki huku gari liko kwenye gia na mota inawaka: lile lililo chini litasukuma, gari litaruka.

Msiniambie barabara. Najua. FONER iliundwa 2008 kwa ajili ya matunzo ya barabara, na mwenye gari analipia kila anapotia mafuta. RN5 yetu kila mtu anaiona. Dai hilo tulipeleke kwa serikali, nami nitalisema redioni. Lakini barabara mbovu haimpi mtu ruhusa ya kuharibu gari na kisha kutoza nauli watoto wa wahami.

Ninyi abiria, kabla ya kulipa, angalieni gari linapogeuka mahali pakavu pa parkingi. Matairi ya nyuma yakilia, yakirukaruka na kukwaruza ardhi, mwulizeni shofere mbele ya watu: ponti imechomelewa? Akikasirika, shukeni.

Na fundi anayetaka kuona kazi yetu aje Lweba Jumamosi. Mjomba amekubali gari linyanyuliwe matairi yote mawili ya nyuma, gia ikiwa huru. Utazungusha moja kwa mkono, uone jinsi la pili linavyofuata.